Siku saba za njia ya Machame: tathmini ya safari ya Kilimanjaro kwa mtu wa Mwanza

Kwa miaka kumi na minne nimefundisha jiografia katika shule ya sekondari hapa Ilemela, na kila mwaka nimechora ubaoni mlima wenye vilele vitatu, nikaandika Shira, Kibo na Mawenzi, nikaweka namba 5,895 juu ya kile cha katikati, kisha nikafuta na kuendelea na bonde la ufa. Katika likizo ya Juni niliupanda mlima huo kwa njia ya Machame, pamoja na wenzangu sita wa hapa jijini, kwa safari ya siku saba iliyoandaliwa na wakala mwenye ofisi Mwanza na kuendeshwa na kampuni ya Moshi. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya watu wa Kanda ya Ziwa wanaofikiria kulipia safari kama hiyo, kwa sababu maelezo mengi niliyoyakuta kabla ya kwenda yaliandikwa kwa ajili ya mgeni anayeshuka kwenye ndege akiwa na vifaa vyake vyote, wala si kwa mtu anayepanda basi alfajiri pale Nyegezi na koti la mtumba alilolichagua Mlango Mmoja.

Wakala na kampuni sitawataja majina, kwa kuwa ninachopima ni huduma yenyewe. Wakala hukusanya watu wa hapa mpaka kundi litimie, huwakodishia vifaa, huwakatia tiketi za basi, na huwakabidhi Moshi kwa kampuni yenye leseni ya kupandisha watu mlimani. Bei nayo sitaitaja kwa sababu hubadilika kulingana na msimu na ukubwa wa kundi, ila niseme kwamba ada za hifadhi kwa raia wa Afrika Mashariki ni ndogo mno zikilinganishwa na zile wanazolipa wageni, na ndiyo maana safari hii, ingawa si rahisi kwa mshahara wa mwalimu, inawezekana kwa anayedunduliza kwa mwaka mmoja au miwili.

Siku ya kwanza nilipoingia ofisini, kijana wa mapokezi alinishauri nichukue safari ya siku tano. Aliniambia kuwa ni nafuu, kwamba watu wengi hufika, na kwamba sisi Wasukuma tuna nguvu. Nilikataa, na ninamshukuru Mungu kwamba nilikataa. Mlima huu haupimi nguvu za miguu. Kileleni kanieneo ya hewa inakaribia nusu ya ile ya pwani, kwa hiyo kila pumzi inaingiza nusu tu ya oksijeni ambayo mwili umezoea, na dawa ya kweli ya tatizo hilo ni kuupa mwili siku za kuzoea. Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria tumeinuka mita 1,134 hivi kutoka usawa wa bahari, na kuna wanaodhani kwamba hiyo ni akiba kubwa. Akiba hiyo ni ndogo. Kutoka mlangoni kwangu hadi kileleni kuna zaidi ya mita 4,700 za kupanda, na mwili wangu haukuwa umewahi kulala juu ya mita 2,000.

Historia ya mlima wenyewe inathibitisha jambo hili kuliko tangazo lolote la wakala. Mmisionari Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kibo tarehe 11 Mei 1848, na alipoandika habari hiyo, wanajiografia wa London walimkatalia kwa miaka kadhaa, wakiamini kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Mwaka 1861 mpelelezi wa Kijerumani, Baron Karl Klaus von der Decken, alijaribu kupanda pamoja na Richard Thornton, hawakufika mbali. Mwaka uliofuata alirudi na Otto Kersten, wakafika kiasi cha mita 4,300. Mmisionari Mwingereza Charles New aligusa theluji mwaka 1871. Kisha akaja Hans Meyer, Mjerumani wa Leipzig, ambaye mwaka 1887 alishindwa na barafu, na mwaka 1888 hakuufikia hata mlima kwa sababu vita vya Abushiri vilimkuta njiani, akakamatwa na kuachiliwa kwa fidia.

Kilichombadilishia Meyer matokeo mwaka 1889 ni mpango wake wa kukaa. Aliweka kambi kwa ngazi, kila moja ikiwa na akiba ya chakula, ili yeye na mwenzake Ludwig Purtscheller waweze kujaribu mara nyingi bila kulazimika kushuka hadi Marangu kila chakula kinapokwisha. Tarehe 3 Oktoba walifika karibu na ukingo wa kreta, yaani mdomo wa volkano, wakiwa hoi kwa kuchonga vidato katika barafu, wakarudi kambini. Wakapumzika. Tarehe 6 Oktoba wakafika kileleni. Kwa jumla walikaa siku 16 juu ya mita 4,200, na katika muda huo aliyekuwa nao katika kambi za juu, akiwapikia na kuwaletea maji na kuni, alikuwa mtu wa Pangani aitwaye Mwini Amani. Simulizi za Marangu zinamtaja pia Yohani Kinyala Lauwo, aliyefariki mwaka 1996, kuwa ndiye aliyewaongoza kupita msituni na kuendelea juu. Katika vitabu nilivyosomea shuleni jina la Meyer lilikuwapo, la Mwini Amani halikuwapo, na nimeanza kulifundisha.

Kwa hiyo anayeuza siku tano anakuuzia punguzo la kitu kile kile ambacho Meyer alikikosa mara ya kwanza. Nilipomweleza hivyo meneja wa ofisi alinisikiliza vizuri, akaniandikia siku saba, na baadaye wenzangu wote wakabadilisha. Hiyo ni sifa ninayompa bila kusita.

Njia ya Machame huanzia kwenye lango lililo kiasi cha mita 1,800, upande wa kusini magharibi. Langoni mizigo ya wapagazi, ambao wenyewe hujiita wagumu, hupimwa kwenye mizani ili asiwepo anayebeba zaidi ya kilo 20, na nilisimama pale mpaka wa mwisho akapimwa. Siku ya kwanza ni msitu mtupu, mizizi na tope, kwa kuwa upande huu wa kusini ndio unaopata mvua nyingi, ilhali kule kileleni mvua na theluji vyote kwa pamoja havizidi milimita 200 kwa mwaka. Siku ya pili mtu anatoka msituni, anapita vichaka vya mfano wa miti midogo yenye ndevu za kuvu, na kufika kwenye uwanda wa Shira.

Hapa niombe radhi kwa kukaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipolia machozi. Uwanda wa Shira ni mabaki ya volkano ya kwanza kati ya zile tatu, iliyolipuka kiasi cha miaka milioni mbili na nusu iliyopita, ikabomoka na kubaki tambarare. Mawenzi, yenye mita 5,149, ilizimika na kuliwa na mmomonyoko mpaka ikabaki meno. Kibo ndiyo ya mwisho, bado ina kreta kamili, na ndani ya kreta hiyo kuna shimo la majivu, na katika baadhi ya nyufa bado hutoka mvuke wenye harufu ya salfa. Mambo haya nimeyachora ubaoni mara nyingi kiasi kwamba chaki ilikuwa ikienda yenyewe, lakini kuweka hema juu ya volkano iliyokufa na kuamka asubuhi ukiitazama ile changa, yenye barafu mabegani, ni elimu ya namna nyingine.

Siku ya tatu, tukielekea kwenye Mnara wa Lava, nguzo ya mwamba wa volkano, niliokota jiwe jeusi lililong'aa kama kipande cha chupa, lenye ukingo uliokwangua kidole changu. Watoto wa Mwanza wanakua juu ya mawe ya itale. Wanajua kwa viganja vyao kwamba mawe yetu, hata yale ya Bismarck pale majini, yana chembe kubwa zinazoonekana kwa macho. Chembe hizo ni kubwa kwa sababu mawe yale yalipoa polepole, chini kabisa ya ardhi, kwa muda mrefu sana. Jiwe nililolishika lilipoa haraka mno hata chembe hazikupata nafasi ya kukua, ndiyo maana linafanana na kioo. Nilipenda kulileta darasani, ila kuchukua chochote hifadhini hakuruhusiwi, nikalirudisha nilipolitoa na kulichora kwenye daftari.

Mnara wa Lava uko kiasi cha mita 4,600, na siku hiyo hiyo tulishuka kulala Barranco, chini kidogo ya mita 4,000. Huu ndio ubora mkubwa wa njia ya Machame kama huduma, na ni sababu inayonifanya niipendekeze kuliko njia ya Marangu yenye nyumba za kulala za Mandara, Horombo na Kibo, ingawa ile ina vitanda na paa: mwili unapelekwa juu mchana, unaonja hewa haba, kisha unalazwa chini. Kichwa kiliniuma pale mnarani kama kimefungwa kamba, na baada ya saa mbili za kushuka kupitia bonde lenye miseneseo mikubwa, mimea yenye shina nene na majani yaliyojikusanya juu kama kabichi, maumivu yalikuwa yameisha.

Ukuta wa Barranco asubuhi yake hautishi kama wanavyousimulia, ingawa mikono inahitajika. Nisingependa kuupa sentensi nyingi, kwa sababu baada yake kuna jambo lililo kubwa zaidi kwangu katika safari nzima, nalo halionekani katika picha za mtu yeyote.

Bonde la Karanga lina kijito. Ni kembamba, baridi yake inauma mifupa, na ndiyo chanzo cha mwisho cha maji katika njia hii. Kambi inayofuata, Barafu, iliyo karibu mita 4,700, haina maji kabisa licha ya jina lake. Maji yote ya kunywa, ya kupikia uji, ya kunawia na ya chai ya usiku wa kileleni hutekwa Karanga na kubebwa mabegani na wagumu. Niliwatazama asubuhi ile wakishuka bondeni na madumu, wakipanda tena wakiwa wamejitwisha, na mmoja wao, kijana ambaye umri wake haukuzidi sana wa wanafunzi wangu wa kidato cha sita, alipita karibu nami huku dumu likivuja tone moja moja kwenye shingo ya koti lake. Nilimwambia pole. Akanijibu, "Asante mwalimu, kunywa ya kutosha tu, sisi tutaleta." Maji ya miteremko hii ya kusini yanayoendelea chini hukusanyika katika bwawa la Nyumba ya Mungu na kutiririka kwa mto Pangani hadi baharini, katika mji uleule alikotoka Mwini Amani, aliyewachotea maji watu wa kwanza kufika kileleni. Tangu 1889 kazi imebaki ni ile ile.

Kwa sababu hiyo, swali la kwanza ninalomshauri mtu amuulize wakala, kabla ya bei, ni namna wagumu wanavyolipwa, wanavyolala na wanavyokula. Kampuni yetu ilifanya vizuri katika mawili. Hema lao la kulala lilikuwa zima, na walikula ugali na mboga mara mbili kwa siku mbele ya macho yetu. La tatu halikunipendeza: siku ya kutoa asante, tuliambiwa tutie bakshishi zote katika bahasha moja na kumkabidhi kiongozi, naye agawe baadaye. Tulikataa kwa heshima, tukaomba kiasi cha kila mtu kisomwe kwa sauti mbele ya wote, kikasomwa, na kila mmoja akapokea mkononi mwake. Mgumu mmoja alikuwa amepanda na viatu vilivyopasuka upande. Kampuni inayopokea fedha za watu saba haikupaswa kumpitisha langoni hivyo, na mimi nilipaswa kumwona siku ya kwanza badala ya siku ya tano.

Kosa kubwa la wakala wa Mwanza lilikuwa mfuko wa kulalia. Ofisini niliambiwa kwamba mfuko niliokodishiwa unahimili baridi kali, nikauamini kwa kuwa ulikuwa mnene mkononi. Usiku wa Shira zipu yake ilifunguka kutoka katikati, meno yakiwa yamelika, na kila nilipoifunga iliachia tena. Nililala nimevaa kila nilichokuwa nacho, pamoja na lile koti la Mlango Mmoja ambalo, lazima niseme, lilifanya kazi kuliko vifaa vyote nilivyokodi. Kuanzia Barranco kiongozi alinipa pini za kubania. Baridi ya kileleni hushuka hadi nyuzi 15 chini ya sifuri na zaidi, na mtu anayeingia usiku wa mwisho akiwa hajalala usiku mitatu anaanza na deni. Ukikodi hapa Mwanza, ufunge na kuufungua mfuko mara kumi mbele ya aliyekupa, na ulale ndani yake sakafuni kwako usiku mmoja.

Upande wa afya niliridhika kabisa. Kila jioni na kila asubuhi tulibanwa kidoleni kipimo cha oksijeni, namba zikaandikwa kwenye daftari, na maswali yakaulizwa kwa makini: umekula, umetapika, umelala, kichwa kinauma wapi. Katika kundi letu alikuwamo mama anayefanya biashara ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba, mwanamke hodari kuliko sisi wote, aliyetembea mbele tangu langoni. Barafu jioni kipimo chake kilisoma asilimia 68 wakati sisi wengine tulikuwa juu ya 80, akawa anatapika, na alipoambiwa atembee kwa kufuata mstari alikuwa akiyumba. Alisisitiza kwamba anaweza. Kiongozi alichuchumaa mlangoni pa hema lake, akamwambia kwa upole, "Mama, mlima hauhami. Usiku huu unashuka." Kuyumba ni dalili ya maji kuanza kujaa kwenye ubongo, na dawa yake ni kushuka mara moja. Msaidizi mmoja na wagumu wawili waliondoka naye gizani kuelekea Mweka, kambi iliyo chini, na kufikia asubuhi alikuwa akinywa chai bila maumivu. Kwa kuwa kampuni ilikuwa imeleta viongozi watatu kwa watu saba, sisi wengine hatukulazimika kurudi. Kundi lenye kiongozi mmoja lingekuwa na machaguo mawili mabaya.

Tuliondoka Barafu karibu saa sita usiku. Kwa saa sita sikuona kitu ila kisigino cha mtu aliye mbele yangu ndani ya duara la tochi, na changarawe inayorudi nyuma nusu hatua kwa kila hatua. Kulipopambazuka tulikuwa Stella, ukingoni mwa kreta, Mawenzi ikiwa nyeusi mbele ya jua. Mpishi alikuwa ametusimulia jioni ile hadithi ya Wachaga, kwamba Mawenzi alizoea kwenda kuomba moto kwa Kibo kila mara, mpaka Kibo akachoka, akachukua mchi na kumpiga, na ndiyo sababu Mawenzi amejaa mapengo mpaka leo. Nilipoyaona yale meno yaliyovunjika nilielewa kwa nini hadithi hiyo haijapotea, na kwa nini Mawenzi haikupandwa hadi 1912, miaka 23 baada ya Kibo.

Kutoka Stella hadi Uhuru, kilele chenyewe, ni mwendo wa polepole sana, kreta ikiwa kulia na barafu ikiwa kushoto. Barafu hiyo husimama kama ukuta, na kwa karibu ina mistari kama kurasa za kitabu kilichofungwa. Kati ya mwaka 1912 na 2011 eneo la barafu ya Kibo lilipungua kutoka kilomita za mraba 12 hivi hadi chini ya mbili, na ramani ninayoitumia darasani inaonyesha barafu mahali ambapo nilikanyaga vumbi. Nimeanza kuichora upya.

Kileleni, ambako Wajerumani walipaita kwa jina la mfalme wao, Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera ya Tanganyika na kuweka Mwenge usiku wa Uhuru, Desemba 1961. Nilikaa hapo dakika kumi na mbili. Kiongozi alihesabu, kwa kuwa hairuhusiwi kukaa sana, na alifanya vyema.

Chakula kilikuwa kizuri na cha kwetu: uji asubuhi, wali, ndizi, supu kila jioni, isipokuwa vile vifungashio vya mchana vyenye mkate mkavu na kipande cha kuku kilichoganda, ambavyo wengi wetu tulivirudisha. Vyoo vya kambini ni vya shimo na usafi wake hutegemea idadi ya watu waliopita siku hiyo. Basi la kurudi lilitufikisha Nyegezi usiku, salama.

Niliporudisha mfuko wa kulalia, meneja aliukagua mwenyewe, akanirudishia fedha ya kukodi bila kubishana, na juma lililofuata nilipopita pale nikaukuta una zipu mpya ya chuma. Niliifunga na kuifungua mara kumi. Ilishika. Kundi lijalo wanalipanga kwa likizo ya Desemba, ambao ni msimu wa mvua, nami ningeshauri wasubiri Juni. Mama wa Mwaloni ameshajiandikisha kwa Juni, na ameomba ziwe siku nane.